Hamali Fondo na Kigari cha Mwanawe

Waulize watu wa Mombasa, watakwambia kisiwa chao ni tambarare. Usiwasikilize. Hao hawajapata kuvuta mkokoteni. Fondo wa Makadara, aliyeuvuta miaka kumi na sita, atakwambia kwamba kutoka Marikiti mpaka kwake njia inapanda kiasi cha kumtoa mtu jasho la shingo, kwamba Ndia Kuu ina mteremko wake wa siri, na kwamba karibu na Mwembe Tayari pana mwinuko ambao macho hayauoni ila magoti yanaujua. Kisiwa kizima amekijua kwa magoti. Mwenye gari hana habari hiyo.

Fondo ni mtu wa Kaloleni, mrefu, mkavu, mabega yamempanda juu kama ya mtu aliyeulizwa jambo asilolijua. Si mlevi. Si mgomvi. Hajampiga mkewe hata siku moja, na hilo mkewe mwenyewe, Kache, hulisema mbele za watu, ijapokuwa hakai naye. Huu ni mwezi wa nane Kache yuko Mbaraki kwa shangazi yake, yeye na mtoto wao Dama, wa miaka minne. Hakutoka kwa kelele wala kwa kufukuzwa. Alitoka kwa ajili ya mambo ya chekechea.

Mambo yenyewe ni haya. Kache ni mpishi katika kantini ya ofisi moja, na saa kumi na moja alfajiri lazima awe ameshawasha jiko. Basi kumpeleka mtoto chekechea na kumchukua saa sita ilikuwa kazi ya Fondo. Kumpeleka hakukumshinda. Kumchukua ndiko kulikomshinda. Mara ya kwanza alichelewa saa nzima, akasema ni magunia ya mchele. Mara ya pili saa mbili, akasema tena ni magunia ya mchele. Mara ya tatu hakusema kitu, maana alifika magharibi, akamkuta Dama amelala mapajani mwa mlinzi, mzee Odera, aliyekataa kwenda kwake mpaka mwenye mtoto aje. Wala Fondo hakuwa amekwenda pahali pabaya. Alikuwa kazini, anavuta. Mtoto alimtoka kichwani tu, kama mtu anavyosahau mwavuli.

Kache alimtazama usiku ule, akamwambia, "Wewe si mtu mbaya, Fondo. Ila hupo." Kesho yake akafunga virago.

Na ajabu ni kwamba Fondo anampenda mtoto huyo mpaka watu humcheka. Dama ni jina la mama yake mzazi. Kwao Wagiriama mtoto hupewa jina la nyanya yake, na baba akishamwita jina hilo, basi huyo ni mama yake, hamkemei hovyo wala hamvuti mkono. Fondo humwamkia kila wanapoonana. "Mama, umeamkaje?" Naye Dama hujibu kwa kiburi chake chote, "Nimeamka vyema, mwanangu," na hapo wote wawili hufurahi.

Wazo la baiskeli lilikuwa la Fondo. Alimwendea Kache kantini, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema anataka siku moja, Jumapili moja tu, amzungushe mtoto kisiwa kizima tangu asubuhi hadi jioni. Kache aliendelea kukuna nazi. Mwisho akasema, "Nami nitakuja. Na jioni nitakwambia kama tunarudi Makadara au haturudi." Fondo alikwenda zake akivuta mkokoteni mtupu kwa mbio, na waliomwona walidhani ameiba.

Wiki mbili alihangaika. Alipata kreti la samaki la plastiki, la bluu, akalisugua kwa sabuni na ndimu mpaka harufu ikakubali kuondoka. Akapata magurudumu mawili ya kigari cha mtoto wa tajiri fulani. Badawi, fundi wa kuchomelea vyuma, akamuungia fremu na mkono wa kufungia nyuma ya baiskeli, akamwambia, "Hiki kigari, Fondo, hata ukitia bilauri za sherbeti hazimwagiki." Ndani Fondo akaweka mto na leso mbili. Chumba chake nacho akakipaka rangi, akanunua kitanda kidogo cha mbao, akakitandika. Kisha akakifunga chumba kwa kufuli, asije mtu akakalia kile kitanda kabla ya mwenyewe.

Jumapili yenyewe alifika Mbaraki saa mbili kamili. Kache alikuwa ameacha ibada siku hiyo, na alikuwa amekwisha kuazima baiskeli ya Winnie, mwenziwe wa kantini. Alivaa suruali na juu yake amejifunga leso. Fondo akaanza kumpa mawaidha ya kushika breki. Kache akamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akapanda, akazunguka uwanja mara mbili huku ameachia mkono mmoja. Kumbe tangu utotoni alikuwa akichota maji kwa baiskeli ya babake, mitungi miwili nyuma na mmoja mbele, njia ya mchanga. Fondo, aliyejifunza baiskeli ukubwani na bado hupanda kwa kuruka kama kuku, alikwenda kumchukua mtoto.

Dama akapandishwa ndani ya kreti. Akaketi, akashika kingo kwa mikono miwili, akasema, "Haya, twende." Wakaondoka, Fondo mbele na mtoto nyuma yake, na Kache nyuma ya wote.

Walianzia Liwatoni kutazama samaki wakishushwa. Mashua mbili zilikuwa zimefika, na watu walikuwa wakipokezana makreti kutoka mkono hadi mkono. Dama alisimama ndani ya kreti lake akatazama makreti ya wenziwe yakipita yamejaa changu na tasi. "Baba, wale samaki wamelala?" Fondo hakujibu. "Baba, wamelala?" Fondo alikuwa akiwatazama wale wapakuzi, akitikisa kichwa. "Angalia yule anavyoinua," alisema. "Kwa mgongo! Mwaka haumaliziki huyo atakuwa anatembelea fimbo. Mtu huinua kwa mapaja."

"Mtoto amekuuliza jambo," Kache alisema.

"Ameniuliza?"

"Mara mbili."

Fondo akageuka haraka, akasema, "Naam, mama, wamelala." Lakini Dama alikuwa keshaanza habari nyingine ya paka mmoja aliyebeba kichwa cha samaki, na lile jibu halikuwa na kazi tena. Kache alipanda baiskeli yake, akangoja atangulie.

Usidhani Fondo hakuliona hilo. Aliliona, likamuuma, na kutoka hapo mpaka kivukoni alijitia kuongea. Mama, ile ni meli. Mama, ile ni feri. Mama, yule ni polisi. Aliyasema kwa sauti kubwa akitazama mbele, na upepo ukayachukua yote ukayapeleka nyuma, na Dama akajibu anayoyajibu, na majibu yakazidi kwenda nyuma kwa Kache. Ukiwa mbele husikii. Watu wa njiani ndio waliofaidi. Mama mmoja muuza maembe alicheka mpaka akakaa chini.

Kwenye barabara ya Mama Ngina walipumzika juu ya nyasi, wakala mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu. Dama alikataa muhogo akataka mabuyu. Alipewa mabuyu. Mara midomo, meno, kidevu na mkono wa gauni vyote vikawa vyekundu. Fondo akatoa kitambaa chake, akakilowesha kwa maji ya chupa, akamfuta polepole, kidole kwa kidole, wala hakuwa na haraka ya kwenda popote. "Mama, hivi ndivyo watu wazima wanavyokula?" Dama akasema, "Ndivyo." Kache alicheka, akaegemea kiwiko, akafumba macho, na kwa nusu saa nzima hakuyafumbua. Miezi minane Fondo hakuwa amemwona mkewe akilala mbele yake. Furaha ilimpanda kifuani, akaona hata kupumua kwa nguvu kutamharibia.

Saa sita na kitu walifika Ngomeni. Jua lilikuwa kali, na Kache akataka madafu. Pale pa madafu palikuwa na watu wengi. Akatazama ile foleni, akamtazama Dama aliyeanza kusinzia, akamtazama Fondo. Kisha akasema neno ambalo Fondo hakulitarajia.

"Tangulieni. Mpeleke kwenye kivuli. Tukutane Makadara, chumbani kwako."

"Mimi na yeye?"

"Kwani kuna nani mwingine?"

Kutoka Ngomeni mpaka Makadara ukipitia Mji wa Kale hata robo saa haifiki. Lakini Fondo aliona amepewa mji mzima. Na kwa kuwa alipewa mji, hakupita njia ya mkato. Akaingia Ndia Kuu, ambako hakuna mwenye duka asiyemjua, ili waone.

Sasa hapa yafaa ufahamu namna hamali anavyofanya kazi, la sivyo utamhukumu kwa jambo silo. Mkokoteni hauna kioo. Aliye mbele, katikati ya mikono miwili ya mbao, hatazami nyuma. Akigeuka, mikono inakwenda upande, na magunia kumi yanamlalia. Basi hujifunza kuona kwa mgongo. Gunia likisogea, mkono wa kushoto unainuka na bega linajua. Gunia likidondoka, mzigo mzima unapumua, naye husimama kabla hata halijatua. Fondo alikuwa hodari wa jambo hilo. Walimsifu kwalo. Kwa miaka kumi na sita hakupoteza hata debe moja la samli, na hakupata kutazama nyuma hata mara moja.

Na ile siku ya Jumapili alikuwa amemlinda mtoto vivyo hivyo, kwa mgongo. Tangu asubuhi. Hakujua kuwa mtoto wa kilo kumi na tano, juu ya magurudumu laini ya tajiri, haupi mgongo habari yoyote.

"Simile! Simile!" alipiga kelele kuomba njia katika vichochoro, kwa mazoea ya hamali, ijapokuwa baiskeli ina kengele. Watu wakabana ukutani wakamcheka. "Leo umebeba nini, Fondo?" "Nimembeba mama!" Wakambariki mtoto, mashallah, mashallah.

Mbele ya ghala la viungo, Saif, tajiri wake wa siku nyingi, alikuwa ameketi kizingitini. Wakaamkiana kwa urefu, habari za nyumbani, habari za afya, alhamdulillahi, mpaka Saif akafika alipotaka kufika. Kesho kuna magunia ya hiliki na pilipili manga, yanatoka bandari ya kale, je, Fondo atayamaliza kabla ya adhuhuri? Fondo akashuka. Akashika kiuno. Magunia mangapi? Ya kilo ngapi? Kile kichochoro kilichochimbwa kwa mabomba kimefukiwa au bado? Wakahesabu safari. Saif akasema nne, Fondo akasema tano, maana pale pa kuchimbwa mzigo hauwezi kujaa. Wakakubaliana tano. Fondo akaaga, akaruka juu ya baiskeli kama kuku, akaenda zake, kichwani akiyapanga yale magunia, mazito chini, mepesi juu.

"Simile!"

Akapita Kibokoni. Akakata kona ya msikiti. Akapita kwa wauza samaki, akatokea barabara ya Makadara, akangoja tuktuki tatu zipite, akavuka. Kwake akasimamisha baiskeli ukutani. Akatoa ufunguo, akafungua kufuli kwanza, akausukuma mlango wazi kabisa ili kitanda kionekane tangu nje. Kisha akageuka na mikono ameshainyoosha kumpokea.

Kreti lilikuwa na mto na leso mbili.

Fondo aliinua mto. Akainua leso moja, akainua na ya pili. Mtu mzima, jamani, anatafuta mtoto wa miaka minne chini ya leso. Halafu akashika ukuta, na kitu cha kwanza kilichomjia, Mungu amsamehe, ni kwamba bega halikumwambia. Cha pili kilikuwa tuktuki tatu.

Alikimbia. Hakuchukua baiskeli, alikimbia kwa miguu, huku akiita "Mama! Mama!" na watu wa Makadara wakatoka milangoni kuona mwanamume mrefu anayemlilia mamake. Alifika mpaka barabarani. Na pale ng'ambo ya barabara, kando ya muuza viazi karai, alimwona Kache amesimama na baiskeli ya Winnie. Juu ya keria, nyuma ya Kache, ameketi Dama. Amemkumbatia mamake kiuno kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anakunywa dafu kwa mrija.

Fondo alivuka bila kutazama gari, akapigiwa honi tatu, akafika, akamshika mtoto mguu. Hakuweza kushika zaidi ya mguu. Akaushika tu.

"Alikuwa wapi?" aliuliza.

"Mbele ya ghala la yule tajiri wako," Kache alisema. "Alishuka kutazama watoto wa paka. Nilipofika nilimkuta amesimama katikati ya njia. Wewe nilikuona unaishilia pale konani. Sauti yako nikaisikia."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kache! Ulikuwa nyuma yangu wakati wote na usiniite?" Hasira ilimpanda kweli, na ilikuwa afueni kuwa na hasira. "Mimi nimekufa pale mlangoni! Nimekufa nikazikwa!"

"Nilitaka kujua utamkumbuka wapi," Kache alisema. Hakuinua sauti. "Nilisema, atageuka hapa Kibokoni. Hukugeuka. Nikasema, kwenye kona ya msikiti lazima ageuke. Nikasema, basi hapa kwa samaki. Barabarani uliposimama kungoja zile tuktuki, nilifika karibu nawe, Fondo. Ungenyoosha mkono ungenigusa. Ukavuka."



"Baba, mimi nilikuita," Dama alisema, akautoa mrija mdomoni. "Nikakwambia ngoja. Ukasema simile."

Hakulalamika. Alisema vile mtoto anavyosema mvua imenyesha. Kisha akarudia dafu lake. Fondo aliona haya ambayo hakupata kuyaona tangu kuzaliwa kwake, na muuza viazi karai, ambaye alikuwa amesikia yote, akainama akachochea mafuta yasiyohitaji kuchochewa.

Waliingia chumbani, kwa kuwa ndiko walikokuwa wakienda. Dama alikiona kitanda akakirukia na viatu. Kache aliisifu rangi. Walikula wali na maharagwe ya nazi aliyoyaleta kwa bakuli kutoka Mbaraki. Ilikuwa wafike Tudor, kisha Makupa, wamalize mzunguko. Fondo alikuwa ameipanga njia hiyo wiki mbili. Kache alipomaliza kuosha vyombo akasema, "Nadhani turudi Mbaraki," na Fondo akasema, "Turudi."

Huko nje Kache alikitazama kigari. "Nipe nivute mimi."

Basi wakabadilishana baiskeli. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Fondo alikuwa nyuma, na kutoka Makadara mpaka Mwembe Tayari, na kutoka hapo kuteremka tena upande wa bandari, alikuwa na kazi moja tu ya kutazama. Alimwona Dama akisema. Hakunyamaza hata kidogo! Aliongea na magurudumu, aliongea na mbuzi, alimhubiria mtu aliyebeba godoro. Alimnyooshea Fondo kidole akamwambia jambo refu sana ambalo Fondo alisikia nusu yake. Tangu asubuhi yote haya yalikuwa yakisemwa nyuma ya mgongo wake. Na alimwona Kache. Kila baada ya kitambo kidogo, shingo ya Kache iligeuka. Kwenye shimo iligeuka. Kwenye kona iligeuka, kwenye tuta iligeuka, na hata pale ambapo hapana kitu, njia nyeupe, iligeuka tu. Baiskeli haikuyumba. Fondo alijaribu kuhesabu, akafika hamsini na kitu, akaacha.

Alijua hawezi. Pengine angeweza kujifunza, lakini leo hawezi, wala kesho asubuhi na magunia ya Saif. Lilikuwa jambo la wazi, nalo lilimkera kwa uwazi wake. Alijitafutia udhuru njia nzima, na alikuwa na mzuri, ule wa mkokoteni usio na kioo, lakini kila alipoukamilisha alimwona Dama amesimama katikati ya Ndia Kuu.

Walifika Mbaraki jua likiwa bado juu ya paa. Barazani, kando ya mlango, palikuwa na begi kubwa la nguo limefungwa kwa kamba, na godoro dogo limekunjwa, na karai, na juu ya karai viatu vya Dama vya shule. Shangazi yake Kache alitoka akijifuta mikono, akasema kwa uchangamfu, "Nimewatolea kila kitu tangu asubuhi, kama ulivyoniambia! Nikasema msije mkachelewa giza likawakuta njiani." Kisha akaziona nyuso zao, akakumbuka ana kitu jikoni.

Fondo alilitazama lile begi. "Tangu asubuhi?"

"Nilifunga jana," Kache alisema. Aliteremka, akashika usukani kwa mikono miwili. "Nilikuwa nimeamua. Hii safari ilikuwa ya kufurahi tu."

Dama alikuwa ameshuka, akalikokota begi lake mwenyewe, dogo la chekechea lililokuwa nyuma ya godoro, akalitia ndani ya kreti, akaingia akalikalia.

"Na sasa?" Fondo aliuliza.

"Sasa sijui. Niambie wewe." Kache alimtazama machoni. "Nikikuuliza kama hutamsahau tena, utaniambia nini?"

Na Kache angemwamini, hilo Fondo aliliona. Alikuwa amechoka kukaa kwa watu, na alikuwa amelala nyasini mbele yake akafumba macho. Neno moja tu lilihitajika, na mtu yeyote katika hali ile angelisema. Wengi tungelisema, tena kwa viapo.

"Kesho nina safari tano," Fondo alisema. "Za Saif. Saa sita ya kumchukua itanikuta Ndia Kuu. Nitakuwa nahesabu magunia, Kache. Najijua. Msije leo."

Macho yalimjaa Kache maji, akayaacha. "Haya," alisema. Akalichukua begi kubwa akalirudisha ndani, akarudi akachukua godoro, kisha karai. Fondo hakumsaidia, kwa sababu hakuambiwa.

Ikabaki Dama.

"Shuka, mama," Fondo alisema.

"Mimi naenda kwetu. Kwenye kitanda changu."

"Shuka, mama yangu. Si leo."

"Naenda leo."

Aliinama akamshika. Dama akashika kingo za kreti kwa nguvu zote za miaka minne, akapiga teke, akapiga ukelele uliowatoa majirani, na Fondo, ambaye hakupata hata kumvuta mkono, ilimbidi amkongoe vidole kimoja kimoja, vya kushoto kisha vya kulia, huku akimwomba radhi kwa kila kidole. Akamtoa. Akamkabidhi kwa mamake, mtoto akalia begani kwa Kache mpaka sauti ikamkauka.

"Jumapili ijayo," Kache alisema juu ya kilio hicho. "Saa mbili."

"Nitakuja saa moja."

"Saa moja huwa amelala."

"Nitamngoja," Fondo alisema.